Siku nne kwenye chumba cha kusomea cha American Antiquarian Society, Worcester, Massachusetts, Marekani

Nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningeongeza.

Miaka sita nimetafiti fasihi iliyovuka Atlantiki karne ya 18 bila kushika kitabu hata kimoja cha enzi hiyo. Nilitegemea hazina fulani ya mtandaoni yenye ada ya kutisha na kurasa zilizopigwa ovyo, hata ile s ndefu ya zamani sikuitofautisha na f. Mwishowe nikapanda treni South Station, Boston, nikashukia Worcester.

Maktaba hii aliianzisha Isaiah Thomas mwaka 1812. Ni yule mchapaji aliyetorosha mtambo wake kutoka Boston mwaka 1775, vita vya uhuru wa Marekani vikiwa mlangoni. Mtambo bado wanao. Kusoma ni bure. Begi unaliacha nje, kalamu ya wino marufuku, penseli tu.

Niliomba mashairi ya Phillis Wheatley, yule mshairi Mwafrika aliyekuwa mtumwa Boston, chapa ya 1773. Kikaja kijitabu kidogo, kikalazwa juu ya vipande vya sponji mgongo usivunjike, na kurasa zikashikiliwa kwa kamba nzito, laini kama nyoka aliyelala. Chini ya ukurasa wa jina, pale ambapo kwenye skrini yangu palikuwa na doa jeusi, nikasoma: kimechapwa London kwa ajili ya A. Bell wa Aldgate, na Boston kinauzwa na Cox na Berry, King-Street. Basi nikabaki hapo hapo. Msichana huyu ameshushwa Boston kwenye meli ya watumwa mwaka 1761. Mashairi yake yakakosa watu wa kutosha wa kujiandikisha mapema kuyanunua mjini humo. Yakaenda London kuchapwa, kisha yakarudishwa kuuzwa kwa watu wale wale. Habari hiyo nimeifundisha mara nyingi, ila sikujua kwamba yote imo kwenye mistari michache ya herufi ndogo.

Halafu picha yake: maandishi yanayoizunguka yanamwita mtumishi wa John Wheatley, yaani bwana aliyemmiliki. Mtumishi! Neno hilo lilinila asubuhi nzima.

Wahudumu hawana haraka na wanajua vitu vyao. Ukienda, waandikie mapema, na usiwe na tamaa: mimi siku ya kwanza niliagiza vitabu vinane, nikafungua viwili.