Alaimenti na balansi Mbeya: nusu ya hela hiyo inaponya usukani unaotetemeka

Gari limetulia vizuri kutoka Uyole. Likifika km 90 kwa saa usukani unaanza kutetemeka mikononi, kwenye 100 unazidi, na pengine ukivuka 115 unapoa kidogo. Peleka gari hilo gereji za tairi kando ya barabara kuu, kuanzia Mbalizi hadi Uyole, na jibu huwa moja: "Hiyo ni alaimenti na balansi." Vinauzwa pamoja kama chai na chapati. Kwa tatizo hili, balansi inastahili hela yako. Alaimenti mara nyingi haihusiki.

Alaimenti hupanga pembe za magurudumu. Ni dawa ya gari linalovuta upande, usukani uliokaa kombo barabara ikiwa imenyooka, au tairi linaloliwa ukingo mmoja. Mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani na kupotea kwa mwingine hautokani na pembe hizo. Na kama boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu) au tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) imelegea, vipimo vilivyopangwa leo vitahama kwenye shimo la kwanza. Fundi anayefunga vifaa vya alaimenti bila kuinua gari kwa jeki na kulitikisa gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia, anakuuzia karatasi ya vipimo tu. Likicheza juu na chini, shuku beringi au boljointi. Likicheza kushoto na kulia peke yake, shuku tairodi.

Balansi ni habari nyingine: ni kusawazisha uzito wa gurudumu kwa kubandika vyuma vidogo kwenye rimu. Tairi la saizi ya 195/65 R15 kwa km 100 kwa saa huzunguka karibu mara 14 kila sekunde. Gramu 20 zikizidi upande mmoja wa rimu, kila mzunguko zinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3. Kwa mwendo wa 50 nguvu hiyo hushuka hadi robo, ndiyo maana gari linalopita Mwanjelwa likiwa tulivu linageuka jingine likikamata tambarare ya Chimala.

Mashine nyingi za balansi za hapa mjini zinatosha kabisa kwa kazi hii. Kasoro iko kwenye mkono unaofunga gurudumu. Kwanza usafi: tope la barabara za vijijini hukaukia ndani ya rimu, na fundi akipima gurudumu tope likiwa humo, atakuwa amelibalansi tope. Likidondoka kesho, mtetemo unarudi na lawama anapewa aliyetengeneza tairi. Rimu ipigwe brashi ndani na vyuma vya zamani ving'olewe vyote kabla ya kupima. Pili, koni ya mashine inayoshika gurudumu ikae sawasawa kwenye tundu la katikati, na kipenyo, upana na umbali wa rimu viingizwe upya kwa kila saizi. Wapo wanaoacha vipimo vya mteja aliyetangulia!

Kipimo cha kumpima fundi mwenyewe ni hiki. Mashine ikisoma sifuri pande zote mbili, mwombe alegeze gurudumu, aligeuze nusu mzunguko kwenye shafti, alifunge tena na kulizungusha. Likisoma sifuri au gramu 5, kazi ni nzuri. Likisoma 20, halikuwa limekaa katikati, na ile sifuri ya mwanzo ilikuwa ya uongo. Akikataa kurudia, umeshapata jibu lako.

Mashine ikidai zaidi ya gramu 60 upande mmoja kwenye gari dogo, usikubali kubandikiwa vyuma kama shanga. Tairi lizungushwe nusu juu ya rimu, lipimwe upya. Isiposaidia, tazama gurudumu likizunguka polepole: rimu iliyopinda inaonekana ikiyumba, na tairi lenye uvimbe linaonekana likipanda na kushuka. Balansi haiponyi umbo. Tairi la mtumba ndilo linaloshikwa sana hapa, kwa hiyo soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kabla ya kulipia: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la umri huo acha lilipo hata kama meno yake yanapendeza.

Kuna kipimo cha bure kabla ya kwenda gereji. Weka upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, asubuhi tairi zikiwa baridi, kisha hamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kila moja likibaki upande wake. Jaribu tena mwendo uleule. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, mkosaji ni gurudumu. Usipohama, acha tairi, chunguza habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa), beringi na bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari). Kwenye rimu za spoti angalia tundu la katikati: likiwa pana kuliko habu na ringi ya plastiki haipo, gurudumu linaning'inia kwenye nati tu.

Mitetemo miwili haina haja ya mashine hii hata kidogo. Usukani unaotikisika ukikanyaga breki tu, kama unaposhuka Kitonga, ni diski. Nyingi za Toyota ndogo zina kikomo cha kuyumba cha milimita 0.05 hivi, kiasi ambacho jicho halikioni. Na gari linalotetemeka ukikanyaga mafuta kupanda Inyala, likatulia ukiachia, linalalamikia sivi jointi ya ndani, kiungo cha ekseli inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu.

Kwa hiyo, ukifika gereji, omba balansi ya magurudumu manne, lipa, ondoka. Ukaguzi wa jeki ukifanywa bila kuombwa, hiyo gereji irudie.

Jambo la kuwalaumu karibu wote ni kufunga nati kwa bunduki ya upepo mpaka zinalia. Nati zilizokazwa bila usawa hupindisha diski, na mtetemo uliolipia kuuondoa unarudi kupitia breki. Zikazwe kwa msalaba, gurudumu likiwa halijabeba uzito, zimaliziwe kwa torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza: Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103. Rudia kuzikagua baada ya km 50 hadi 100. Ukienda Iringa, Chimala ni mahali pazuri pa kusimama.