Mchoro wa Jagi la Kioo katika Duka la Sanaa, Arusha

Katika duka dogo la sanaa lililo karibu na Mnara wa Saa, ambako kuta zimejaa picha za twiga na machweo kwa ajili ya watalii, kuna mchoro mmoja wa mkaa unaostahili kutazamwa kwa utulivu: jagi la kioo lenye maji nusu, juu ya kitambaa cha mistari. Kioo kisicho na rangi ni kigumu kuchora, kwa kuwa mchoraji hulazimika kuchora kile kinachoonekana kupitia kwake, pamoja na mwanga unaoakisiwa na uso wake. Hapa mistari ya kitambaa inapofika nyuma ya maji inakatika na kupinda, kwa sababu mwanga hubadili mwelekeo unapopita kutoka kwenye maji na kioo kuingia hewani, na mchoraji ameufuata mpindo huo bila kuunyoosha kwa mazoea. Sehemu zinazong'aa zaidi hazikupakwa chochote. Ni karatasi iliyoachwa wazi, ikizungukwa na weusi mzito wa kitako, na weusi huo ndio unaozipa mng'ao. Mdomo wa jagi, hata hivyo, umechorwa kwa mstari wa unene mmoja pande zote, nao unaonekana kama waya.

Bei haikubandikwa, jambo linalochosha. Anayenunua ahakikishe kwamba fremu inaacha nafasi kati ya kioo chake na karatasi, kwa maana mkaa hufutika kirahisi unapoguswa.