Peni za mbao za mapaleti, njia ya Iyunga Mbeya: nunua, ila ulizia rifili kwanza

Naanza na rifili (ule mrija wa wino wa ndani) maana ndo itakayokusumbua huko mbele, mbao haina shida. Peni nyembamba za huyu fundi zinakula rifili za aina ya Cross, zile nyembamba, na kwa hapa Mbeya ukizunguka maduka ya steshenari kuanzia Kabwe mpaka Mwanjelwa utaambiwa "hizo hatuna dada, chukua hii ya jero". Zile nene kidogo zinaingia rifili za aina ya Parker na hizo zipo, bei imechangamka lakini zipo. Kwa hiyo kabla hujaanza kushangaa rangi za mbao na kubembeleza bei muulize inakula rifili gani, na mwambie akuwekee ya akiba hapohapo usiondoke bila.

Haya, peni zenyewe sasa. Karakana ni banda la mabati tu, kibao hakuna, utasikia mashine kabla hujaona mlango. Jamaa mbao hanunui, au akinunua ni mapaleti (zile fremu za mbao za kupangia mizigo) yaliyochoka na makasha yaliyobebea mitambo, na kwa Mbeya hivyo vitu havikosekani, malori ya Zambia yanapita usiku na mchana kwenda Tunduma, mashine za wachimbaji wa Chunya zinakuja ndani ya makasha, halafu kuna makreti ya nyanya yanayotoka huko Ilula yakishavunjika mguu hakuna anayeyataka. Sisi wengine tunachanja kuni au tunajengea banda la kuku. Yeye anachana vipande vya kama sentimita mbili upana, virefu kama kidole, anavipanga juu karibu na bati vikauke.

Kilichonifanya nimuamini ni sumaku. Kipande hakiingii kwenye mashine mpaka akipitishie sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, taratibu, pande zote nne, kwa sababu kichwa cha msumari kilichokatikia ndani kikikutana na patasi wakati mbao inazunguka kwa kasi ile ni habari nyingine kabisa. Msumari anautoa ila tundu analiacha, na mi naona hapo ndo raha ya hizi peni ilipo: kwenye baadhi ya mbao ngumu kutu ya msumari imekutana na tanini, kemikali ya asili ya mti, miaka na miaka, imeacha doa jeusi linaloelekea bluu, linapanda na nyuzi za mbao kwenda juu, hakuna rangi ya dukani inayotoa kitu kama kile. Tundu likiwa kubwa analijaza unga wa kahawa na supaglu (kahawa ya Mbozi, kasema mwenyewe kwa majigambo), ikishakauka anakereza juu yake unadhani ni fundo la mti lenyewe.

Kazi yenyewe ukiitazama utaelewa kwa nini bei sio ya jero. Kipande kinatobolewa katikati urefu wote, tundu la milimita 7 kwa zile nyembamba, kinaingia kibomba cha shaba na gundi, ncha zinasawazishwa mpaka zilingane na shaba, ndo kinavalishwa kwenye chuma cha mashine ya kukereza. Mota yake ilikuwa ya pampu ya maji zamani, inapiga kelele balaa. Maranda yanaruka mpaka kwenye nywele. Mbao inabaki nyembamba kweli juu ya ile shaba, halafu msasa kuanzia namba 150 kwenda 600 na kuendelea mpaka inateleza. Chuma za ndani, klipu na kile cha kuzungusha wino utoke, havitengenezi yeye, vinatoka China vikiwa seti, anavikandamiza tu mwishoni na jiliwa.

Nilimuuliza habari ya dawa zinazopigwa mbao pia, maana kitu unachoshika kutwa nzima na wengine tuna tabia ya kutafuna peni. Kumbe mapaleti yanayovuka mipaka yana muhuri, utaratibu wa kimataifa wa tangu 2002, kuna kialama cha shuke la ngano, herufi za nchi ilikotoka, halafu ukiona HT maana yake mbao imepashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa nusu saa, hiyo haina neno. Ukiona MB imefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu. Yeye za MB hagusi, na zenye madoa ya mafuta au harufu asiyoielewa nazo hagusi, alinionyesha rundo lake la kukataa nje ya banda na kweli kulikuwa na mbao nzuri tu zimetupwa. Makreti ya nyanya hayana muhuri kwa vile hayaendi nje, hayo anaangalia kwa macho na pua.

Sasa lawama. Za paini sizipendekezi. Paini ya makreti mingi ni michanga, pete zake pana, sehemu laini na sehemu ngumu zinapishana, ukipiga msasa ile laini inaliwa zaidi, kwa hiyo hata afanyeje kidole kinasikia vimatuta. Wengine wanapenda hivyohivyo, wanasema inashikika. Mi hapana. Chukua za mbao ngumu za makasha, nzito kidogo, zina rangi ya chai ya maziwa mpaka hudhurungi iliyokolea, na mwambie amalizie kwa supaglu iliyopakwa tabaka kwa tabaka na kusuguliwa. Za nta ya nyuki zinanukia vizuri siku ya kununua, ila baada ya muda pale unaposhikia panakuwa peusi kwa jasho, hasa kama kazi yako ni ya kuandika kutwa.

Na peni yangu moja ilipasuka. Ilitengenezwa Machi mvua zimeshika, kipande naona hakikuwa kimekauka sawasawa, ilipoingia Julai na ule upepo mkavu wa Mbeya mbao ikasinyaa, shaba ya ndani haisinyai, ufa ukaanzia kwenye pete ya chuma ukapanda. Niliipeleka, hakubisha wala kuuliza umeiangusha wapi, akasema "pole dada, hii mbao nimeiharakisha", akatoa chuma za ndani akanivalishia mbao mpya bure. Kusubiri lakini nilisubiri sana, umeme ukikatika anafunga anaenda zake shamba na simu hapokei.

Ile nene ya mbao ngumu nilimpa baba mdogo aliyestaafu ualimu. Mzee wa kukosoa yule. Akaipima mkononi, akaandika jina lake mara mbili tatu nyuma ya bahasha, akasema "mwanangu ni nzito, ila mkono hautetemeki". Kuanzia hapo inakaa mfuko wa shati na hataki mtu aiazime, hata kwenye kikao cha ukoo katibu alinyimwa.

Bei: nyembamba elfu kumi na tano, nene elfu ishirini na tano, kuchoma jina ni elfu mbili juu, ila majina marefu ya kwetu akina Mwa-nani-nani huwa hayaenei, atakuandikia herufi za mwanzo. Punguzo anatoa ukichukua nyingi, kwa moja msisumbuane. Boksi la zawadi hana, anafunga kwenye karatasi ya kaki, boksi kanunue mwenyewe. Jumapili hafungui, na wiki ya Nanenane usimtafute huko, anakuwa na meza viwanja vya John Mwakangale, ila pale zilizobaki mpaka siku ya mwisho huwa ni za paini.