Jeli ya chambo dhidi ya sisimizi wa Farao katika nyumba ya ghorofa

Wakazi wa ghorofa za Dar es Salaam wanawafahamu sisimizi hawa, wadogo wa milimita 2 hivi, rangi ya asali na ncha ya tumbo iliyokoza, wanaotoka nyuma ya soketi ya umeme kwa mstari mwembamba na kuufuata ukingo wa vigae hadi kwenye kopo la sukari. Hao ndio sisimizi wa Farao, kwa jina la kisayansi Monomorium pharaonis, waliosambazwa na mizigo ya biashara karibu dunia nzima. Katika nchi za baridi hujificha ndani ya majengo yenye joto, hospitali zikiwemo, na mwaka 1972 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa kutoka Uingereza iliyoonyesha kuwa hubeba bakteria wa magonjwa wodini. Kwa hiyo dawa ya kuwamaliza inastahili kupimwa kwa makini kuliko tunavyopima dawa ya mbu.

Bidhaa ninayoitathmini ni jeli ya chambo yenye imidaklopridi, sumu ya kuua wadudu, ya asilimia 0.03, inayouzwa ndani ya bomba la plastiki lenye umbo la sindano. Jina la chapa nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu mnunuzi atanufaika zaidi akisoma kiambato na kiwango chake kuliko akikariri picha iliyo kwenye boksi. Hapo ndipo maduka mengi yanapopotosha watu. Ukiomba jeli ya sisimizi, muuzaji anaweza kukupa ya mende yenye fipronili, sumu nyingine ya wadudu, ya asilimia 0.05 na kukuhakikishia kwamba ni kitu kile kile. Hapana. Kiwango hicho kinaweza kumwua sisimizi kabla hajafika nyumbani kwake, na sisimizi aliyefia njiani hajapeleka sumu kokote.

Ubora wa jeli hii umo katika kuua kwake polepole. Sisimizi anayeonekana jikoni ni sehemu ndogo tu ya kundi; waliobaki, pamoja na mabuu na malkia ambao huwa wengi katika kundi moja, wako ndani ya ukuta ambako mkono haufiki. Mfanyakazi hunywa chambo, hukihifadhi tumboni, kisha hukitapika mdomoni mwa wenzake na kuwalisha mabuu na malkia. Dawa za kupulizia zenye pairethroidi, sumu za kuua wadudu papo hapo, hufanya kinyume chake: huua wachache walio njiani na kuwashtua waliosalia, kundi likagawanyika, kila kipande kikahamia chumba kingine na mabuu yake. Kwa kuwa malkia wapya hujamiiana humo humo ndani ya kiota bila kuruka nje, na wafanyakazi wanaweza kulea malkia wengine kutokana na mabuu waliyoyabeba, kipande kidogo tu kinatosha kuanzisha ukoo upya. Katika jengo letu, kampuni ya kufukiza iliyoletwa na mwenye nyumba ilipulizia jikoni mwa ghorofa moja, na baadaye sisimizi wakajitokeza kwenye mabafu ya ghorofa mbili zilizokuwa salama. Fundi aliporudi, alishauri kupulizia tena.

Nilipoiweka jeli, nilitoa matone ya ukubwa wa punje ya choroko kando ya njia yao, bila kuikatiza. Haikupita muda mrefu wakalizunguka kila tone, vichwa vikielekea ndani na matumbo nje, mithili ya watu waliokaa kwenye sinia moja la pilau. Matumbo yalipojaa yalinyooka na kupitisha mwanga, kisha mmoja mmoja akageuka kurudi kwenye soketi. Siku za mwanzo idadi yao iliongezeka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuchukua kopo la dawa ya kupulizia. Mistari ilianza kukatika polepole, na baada ya wiki kadhaa, nikiwa nimeongeza matone pale yalipolambwa yote, jikoni palitulia. Wakati wote huo eneo la chambo halikupigwa deki kwa sabuni wala kupuliziwa kitu, kwa sababu harufu ya sabuni na ya dawa huwafukuza.

Hata hivyo jeli ina udhaifu. Ni tamu, na sisimizi wa Farao hubadilisha ulaji: kuna wakati kundi linahitaji mafuta na protini, nao huipita sukari kana kwamba haipo. Kabla ya kuifungua, weka tone la asali na punje ya siagi ya karanga kandokando, uone wanakimbilia kipi. Wakichagua karanga, subiri au tafuta chambo cha protini. Udhaifu wa pili ni maelekezo. Kijikaratasi cha ndani hakina neno hata moja la Kiswahili na hakimwonyi mtumiaji asichanganye jeli na dawa ya kupulizia, ingawa hilo ndilo onyo muhimu kuliko yote. Angalia pia kama lebo ina namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Matone yawekwe kwenye nyufa ambako watoto na paka hawafiki, wala yasiwekwe nje karibu na maua, kwani imidaklopridi ni hatari kwa nyuki, na Umoja wa Ulaya uliizuia kutumika mashambani nje ya nyumba za vioo mwaka 2018 kwa sababu hiyo.

Kwa mwenye kipato kidogo, asidi ya boriki ya gramu 10 katika lita moja ya maji yenye gramu 100 za sukari hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo ya taratibu, ingawa hukauka na kumwagika kwa urahisi. Jeli inaishinda kwa usafi na kwa kukaa muda mrefu bila kukauka, si kwa nguvu. Katika jengo la ghorofa, vyovyote utakavyochagua, kubalianeni na majirani mweke chambo kwa wakati mmoja, maana mabomba na nyaya ni barabara kuu zao.

Asiinunue mtu mwenye nyumba ya chini anayeona vilima vidogo vya udongo kwenye msingi na sisimizi wa kahawia ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita kiasi. Hao ni Pheidole megacephala, spishi nyingine inayoishi ardhini. Wanajulikana katika minazi ya Zanzibar kwa kuwafukuza sisimizi waitwao maji moto, wanaolinda nazi dhidi ya wadudu waharibifu, na huko walidhibitiwa kwa chambo cha chenga kinachomwagwa chini. Matone machache ya jeli hayatoshi kwa makundi ya ukubwa huo.