Nimepandikizwa seli shina zangu mwenyewe: nyota nne kwa wodi

Niseme mapema kwamba siku ya kupandikizwa yenyewe haina maajabu. Nesi aliyeyusha vifuko vilivyokuwa vimegandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, akavitundika kama dripu, seli shina, zile zinazotengeneza damu, zikaingia kupitia mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa kifuani. Hakuna kisu wala uzi. Kilichobaki ni harufu: dawa inayozuia seli zisife kwa baridi hutoka kwa pumzi, na chumba kizima kikanuka kitunguu saumu. Mimi sikusikia kitu, waliokuja kunitazama ndio walioziba pua.

Mzigo wote uko kwenye kemo inayotangulia, yaani dawa kali za kuua saratani. Limfoma yangu, saratani ya seli za kinga, ni ile kali ya seli B kubwa, na ilikuwa imerudi. Hapa daktari nampa alama zote, maana alinieleza bila kuzunguka: dozi ya kumaliza saratani iliyojificha inaua na uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa hiyo seli zako zinavunwa kwanza, zinawekwa akiba, kisha unarudishiwa ili damu ianze upya. Seli haziui saratani, zinakuokoa kutokana na madhara ya dawa. Akanitajia utafiti wa PARMA wa 1995, wa watu ambao ugonjwa wao ulirudi lakini bado ulisikia kemo: baada ya miaka 5, 46% ya waliopandikizwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 12% ya waliopewa kemo ya kawaida. Maana yake zaidi ya nusu hawakufika, na hilo nalo alilisema. Akaongeza kwamba ingerudi ndani ya mwaka mmoja, angenielekeza kwanza kwenye tiba ya seli T, seli zako za kinga, zilizobadilishwa maabara.

Kuvuna seli si kazi. Sindano za kuziamsha zilinipiga kwenye mifupa ya kiuno na kifua, halafu unakaa saa kadhaa kwenye mashine inayochuja damu na kukurudishia. Midomo ikianza kuwasha na kufa ganzi, sema. Ni kalsiamu imeshuka, na wana dawa yake hapo hapo.

Manesi ndio wodi yenyewe. Wakati wa melfalani, mojawapo ya dawa za kemo hiyo, mmoja alisimama kitandani kwangu na bakuli la barafu: "Mzee, mung'unya. Ikiyeyuka chukua nyingine." Nikalalamika meno yanauma, hakunijali. Barafu inabana mishipa ya mdomo, dawa inafika kidogo, vidonda vinapungua. Navyo vilikuja, ila niliendelea kumeza maji. Jirani yangu aliyeikataa barafu alilishwa kwa mshipa.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya mambo ya baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nilikabidhiwa karatasi inayosema homa ya nyuzi 38 ni dharura, nipige simu saa yoyote. Usiku homa ilipopanda, simu iliita mpaka ikakata. Tukaenda dharura bila kungoja, na huko daktari wa zamu hakuwa na taarifa zangu.

Na hakuna aliyenitajia chanjo hadi nilipouliza mwenyewe kliniki. Kinga ya chanjo za utotoni inafifia, nyingi zinarudiwa kuanzia miezi 6 hadi 12 baadaye. Ile ya surua, kwa kuwa ina virusi hai, inasubiri angalau miaka 2, kwa hiyo mwambieni mapema kila mwenye mtoto mdogo nyumbani.