Uzoefu wangu na Tomcat: thredi, miunganisho na jioni za msimu wa Kilimanjaro

Ninasimamia seva ya mfumo wa kuhifadhi nafasi wa kampuni moja ya utalii hapa Moshi, inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro kwa njia za Marangu, Machame na Lemosho. Mfumo umeandikwa kwa Java na unaendeshwa na Apache Tomcat 9, programu ya seva inayopokea maombi ya wavuti na kuyapitisha kwa programu za Java. Nginx inapokea wateja mbele yake, na hifadhidata ni PostgreSQL. Mzigo mkubwa hutufikia jioni, wakati sisi tunajiandaa kufunga ofisi na Marekani ya mashariki bado ni asubuhi, na huzidi kwa tarehe za mwezi mpevu, kwa kuwa wageni wengi hupenda kukielekea kilele cha Uhuru usiku wenye mbalamwezi. Baada ya kuitumia Tomcat katika mazingira hayo, nasema bila kusita kwamba ni seva ya kuaminika, na kwamba mipangilio inayokuja nayo inafaa kuliko mafundi wengi wanavyodhani. Kinachowaponza watu ni kuongeza namba ya thredi (watendaji wa ndani ya seva, kila mmoja akishughulikia ombi moja kwa wakati) kabla ya kujua foleni imeanzia wapi.

Nilipokabidhiwa kazi hii, faili la mipangilio, server.xml, lilikuwa na maxThreads (ukomo wa thredi) ya 1000, ilhali Tomcat yenyewe huanza na 200. Hata hivyo kila jioni yenye wateja wengi kurasa ziliganda, kisha baada ya sekunde 30 zilitoa hitilafu. Prosesa wakati huo ilikuwa karibu haina kazi. Zile sekunde 30 ndizo zilizonipa njia: ni muda ambao HikariCP, maktaba inayogawa miunganisho ya hifadhidata kwa programu, husubiri kwa kawaida kabla ya kukata tamaa. Nilipoendesha amri ya jstack ili kuona kila thredi inafanya nini, mamia yao yalikuwa yamesimama mahali pamoja, yakingoja muunganisho. HikariCP ilikuwa imeachwa na ukomo wake wa awali, yaani miunganisho 10. Kuweka thredi 1000 mbele ya miunganisho 10 ni sawa na kuongeza mabenchi ya kungojea benki huku madirisha ya kuhudumia yakibaki yale yale.

Mtu anaweza kufikiri kwamba dawa ni kuipandisha ile 10 hadi 200. PostgreSQL huanza na max_connections (ukomo wa miunganisho) ya 100, na mitatu kati yake imetengwa kwa msimamizi mkuu. Ukiwa na Tomcat mbili zinazodai miunganisho 60 kila moja, ya pili itaanza kukataliwa ikiwa bado haijashiba. Tena kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili wa mfumo endeshi, na michakato mingi inayogombania viini vichache vya prosesa huchelewesha kazi badala ya kuiharakisha. Kanuni inayofahamika miongoni mwa watumiaji wa PostgreSQL ni kuzidisha idadi ya viini kwa mbili na kujumlisha idadi ya diski zinazofanya kazi. Kwa seva yetu ya viini vinne na diski moja, jibu ni 9. Kumbe ile 10 haikuwa na kosa lolote.

Hesabu iliyobaki ni ya John Little, aliyethibitisha mwaka 1961 kwamba idadi ya walio ndani ya mfumo ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Tuseme maombi 20 yanaingia kila sekunde, na kila moja linashika muunganisho kwa sekunde 2: unahitaji miunganisho 40. Punguza muda huo hadi sehemu ya kumi, na miunganisho 4 inatosha. Kwa hiyo nilishughulikia muda. Swali la kutafuta nafasi zilizo wazi lilikuwa likisoma jedwali zima kwa kukosa faharasa (orodha inayoharakisha utafutaji) kwenye safu ya tarehe. Baya zaidi, barua pepe ya kuthibitisha ilikuwa ikitumwa ndani ya muamala wa hifadhidata, hivyo muunganisho ulishikiliwa muda wote programu ilipokuwa ikiongea na seva ya barua ya mbali. Faharasa ikawekwa, barua pepe ikatolewa nje ya muamala, maxThreads ikarudi 200, na jioni zikawa shwari.

Mahali ambapo naona Tomcat inahitaji msomaji makini ni maxConnections (ukomo wa miunganisho ya wateja ambayo seva inaipokea) na acceptCount (urefu wa foleni ya wanaosubiri kupokelewa). Wengi huamini kwamba thredi zote zikishikwa, maombi 100 ya acceptCount husubiri na yanayofuata hukataliwa. Kwa kiunganishi cha NIO, sehemu ya Tomcat inayopokea miunganisho ya wateja, sivyo. Seva hupokea miunganisho hadi 8192 (ndiyo maxConnections ya awali), na maombi yanayokosa thredi huwekwa kwenye foleni ya ndani. AcceptCount huanza kufanya kazi pale tu maxConnections inapojaa. Matokeo yake ni kwamba mgeni hakataliwi, bali anangoja bila kujua. Mimi naona ni heri mtu aambiwe mapema ajaribu tena baadaye, kuliko kumshikilia dakika nzima akidhani malipo yake yamepita; kwa hiyo nimeshusha maxConnections hadi 1000. Anayetaka kupandisha acceptCount akumbuke kutazama net.core.somaxconn, ukomo wa Linux kwa foleni hiyo, ambayo kabla ya toleo la 5.4 ilikuwa 128 na huikata namba yako kimya kimya.

Nginx inastahili sifa zake. Mawakala wetu wengi hutumia simu, wengine wakiwa vijiji vya Marangu ambako mtandao hupanda na kushuka, na Nginx hupokea ombi lote kabla ya kulipeleka Tomcat, kisha hulihifadhi jibu na kulitoa polepole kwa mteja. Thredi ya Tomcat haishikwi na simu yenye mtandao hafifu. Angalizo ni kwamba worker_connections, ukomo wa miunganisho wa kila mchakato wa Nginx, ambayo huanza na 512, huhesabu pande zote mbili, hivyo ombi moja linalopitishwa nyuma hula nafasi mbili.

Sipendekezi kuweka ukomo mkali wa miunganisho kwa anwani moja ya IP. Kampuni za simu hupitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, na ofisi nzima ya wakala inaweza kuonekana kama mtu mmoja. Ukomo wa 10 utamfungia mteja mwema.

Tangu Java 21 ilipotoka Septemba 2023 nimeulizwa mara nyingi kama thredi pepe (thredi nyepesi zinazosimamiwa na Java yenyewe) zimemaliza habari hii. Tomcat inazikubali kwa mpangilio wa useVirtualThreads, na zinapunguza kweli gharama ya kungoja, lakini miunganisho ya hifadhidata inabaki ile ile 10. Anayehamia huko aanze kwa kutazama HikariCP: ikiwa thredi zinazongoja muunganisho ni nyingi kila jioni, kazi yake iko kwenye maswali ya hifadhidata.