Kukagua SEO ya tovuti yako mwenyewe: zana ipi uanze nayo na ipi usiilipie kwanza

Wakuu, hii naandika kwa mtu mwenye tovuti yake ndogo, iwe ya duka, shule, lodge au kampuni ya safari, ambaye kila wiki anatumiwa meseji "tutakufanyia ukaguzi wa SEO" (SEO ni ile kazi ya kuifanya tovuti ionekane watu wakitafuta Google) na hajui alipe au aachane nayo. Mi nasema usilipe kwanza. Sehemu kubwa ya hiyo kazi unaifanya mwenyewe jioni mbili tatu, na zana nyingi ni za bure, ila watu wengi wanakosea wapi pa kuanzia.

Hili nimeliona Arusha kwa kaka yangu mmoja anayepeleka wageni Tarangire na Ngorongoro. Alitengenezewa tovuti mpya ya WordPress (programu ya kujengea tovuti), nzuri kweli, lakini miezi minne hamna hata mgeni mmoja aliyesema nimewapata Google. Akatoa laki nne afanyiwe ukaguzi, ikaja PDF ya kurasa arobaini na kitu, nyekundu na kijani kibao, mara taitoli (kile kichwa cha ukurasa kinachoonekana Google) ndefu mara picha hazina maelezo, na mimi nikaanza kuisoma mwanzo mpaka nikafika ukurasa wa 31 ndo nikakuta mstari mmoja: noindex. Yani tovuti nzima ilikuwa inaiambia Google isiiweke kwenye matokeo! Ni kile kiboksi cha WordPress kwenye Settings halafu Reading, jamaa anayejenga anakiwekea tiki ili tovuti isionekane kabla haijaisha, akimaliza anatakiwa aitoe, na huyu alisahau. Iliniuma sana, maana msimu wa Juni ulikuwa umeshaanza.

Ndo maana hizi zana nazipanga kwa kuangalia ipi inakufikisha haraka kwenye tatizo linalokukosesha wateja.

Namba moja: Google Search Console

Ni ya bure na hakuna inayoikaribia, kwa sababu zana nyingine zote zinakisia Google inaona nini, hii ni Google yenyewe inakwambia. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, aidha kwa kuweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi wanaokupa Google) kule ulikosajili domeini, yani jina la tovuti, au kwa kupakia faili dogo kwenye tovuti, basi. Fungua ripoti ya Pages. Pale utaona kurasa ngapi ziko kwenye indeksi (orodha ya kurasa ambazo Google inaweza kuzionyesha) na ngapi haziko, na kila sababu imeandikwa. Ukikuta neno noindex kwenye sababu na hukuiweka kwa makusudi, acha mengine yote, shughulikia hilo. Ukikuta ukurasa umesomwa ila haujawekwa kwenye indeksi, mara nyingi maneno yake ni machache au unafanana mno na mwingine, mfano zile kurasa tano za "safari ya siku 3", "siku 4", "siku 5" zenye aya zilezile.

Halafu bandika linki ya ukurasa wako muhimu kwenye kile kisanduku cha juu. Kitakwambia ulisomwa lini mara ya mwisho, na unaweza kuomba usomwe upya. Kwa kaka tulitoa ile tiki, tukaombea ukurasa wa mbele na kurasa sita za safari, kabla wiki haijaisha ukurasa wa mbele ukawa unaonekana.

Kitu kingine ni maneno ambayo watu wanatafuta. Unapata data ya miezi 16 nyuma. Tafuta neno ambalo unaonekana mara nyingi ila hawabonyezi, hapo taitoli yako haiwavutii na kuibadilisha ni dakika tano.

Namba mbili: Screaming Frog ya bure

Hii ni programu ya Waingereza unaishusha kwenye laptop, inatembea tovuti yako linki kwa linki. Ya bure inaishia URL (anwani) 500, na ujue picha na mafaili mengine nayo yanahesabiwa, kwaiyo 500 zinaisha haraka kuliko unavyodhani. Inatumia intaneti yako mwenyewe, kama uko kwenye bando dogo subiri Wi-Fi. Ninachoipendea ni kwamba ukiona 404, yani ukurasa haupo, unaibonyeza, chini unafungua Inlinks, inakutajia ukurasa gani hasa umebeba hiyo linki iliyokufa. Huhangaiki kutafuta. Angalia pia taitoli zinazojirudia na kurasa zisizo na H1 (kichwa kikuu ndani ya ukurasa). Leseni inazidi pauni 150 kwa mwaka, mtu mwenye kurasa 80 haihitaji kabisa, ila duka lenye bidhaa elfu mbili hapo linunue bila kujiuliza.

Namba tatu: PageSpeed Insights

Hii inapima kasi ya ukurasa. Bure, hata akaunti hufungui. Usikimbilie alama ya 100. Soma kwanza upande wa simu, na kama tovuti ina wageni wa kutosha juu kutakuwa na data ya watu halisi ya siku 28, hiyo ndo ya kuamini zaidi. Mipaka ni mitatu: kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5, mtu akigusa ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke kwa zaidi ya 0.1. Hicho cha kuitikia, INP, kimeingia Machi 2024, ukikuta mwongozo unakusisitizia FID, kipimo cha zamani kilichokuwa mahali pake, ujue umepitwa na wakati. Kwa kaka ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya simba imetoka moja kwa moja kwenye kamera, MB 6 peke yake! Tukaipunguza mpaka KB 180 na kwa macho huoni tofauti.

Namba nne: Ahrefs Webmaster Tools

Ya bure kwa tovuti uliyothibitisha ni yako. Nzuri kwa kujua nani wamekuwekea linki. Ukaguzi wake nao upo ila unaleta maonyo mengi, anza na yale makosa yenyewe, maonyo yatasubiri.

Namba tano: Bing Webmaster Tools

Hii ni kama Search Console, ila ya Bing, mtandao wa kutafutia wa Microsoft. Bure, na ukishakuwa na Search Console unahamisha taarifa kwa kubonyeza mara chache. Wageni wa Ulaya na Marekani wenye kompyuta za Windows wapo wanaotumia Bing, usiwadharau.

Za kulipia kila mwezi

Semrush na Ahrefs kamili ni nzuri, sibishi, lakini vifurushi vyake vya kazi vinavuka dola 100 kwa mwezi, na nguvu yake kubwa ni kuchunguza washindani na maneno ya kutafutwa, sio kutibu tovuti yenye noindex. Kama lazima, lipia mwezi mmoja, shusha kila unachotaka, halafu kasitishe malipo siku hiyohiyo maana kadi itakatwa tena yenyewe mwezi ukiisha.

Mwisho kabisa: ripoti ya PDF ya kununua

Ukiamua kumlipa mtu, mwambie kabla ya hela akutajie matatizo matatu makubwa na akuonyeshe kila moja ndani ya Search Console yako mwenyewe. Akikuomba neno la siri usimpe. Nenda Settings, sehemu ya watumiaji, muongeze kwa imeili yake na ruhusa ya kuangalia tu, kazi ikiisha unamtoa.